Dereva Halisi Hapitilizi Kituo

Jumamosi, 6 Septemba

Parvan ana miwani. Si ya kusomea. Ni lile dude jeusi la michezo: unalivaa usoni kama fundi wa kuchomelea, unashika vidude viwili mikononi, unahamia dunia nyingine. Bintiye kamletea kutoka Ujerumani. Leo asubuhi alisimama kwenye roshani yake, inayotazamana na yangu, akirusha mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Jengo zima lilitoka kumtazama. Mimi nilitazama pia, lakini kitaalamu.

Nikampigia kelele kumuuliza anafanya nini. Akajibu anaendesha tramu.

Tramu! Parvan! Mtu aliyeendesha basi la umeme maisha yake yote, chombo cha matairi ya mpira! Aliyeendesha tramu, chombo halisi cha reli, hapa mjini Sofia mpaka akastaafu ni mimi. Sikuwahi kuchelewa. Sikuwahi kupitiliza kituo, hata siku ya theluji, hata kituo kikiwa kitupu. Waliniaga kwa zawadi ya saa ya ukutani. Ilikuwa nyuma kidogo, nikairekebisha palepale mbele ya wakubwa.

Swali: ninunue miwani au nisinunue? Mtu wa hadhi yangu haamui kwa wivu. Nitalifikiria kwa utulivu. Kisha nitanunua.

Jumapili, 7 Septemba

Nimemweleza Dochka, mke wangu. Nilianzia mbali: mzunguko wa damu, kumbukumbu, viungo vya wazee. Nikasema kuna daktari kaongea redioni. Akauliza daktari gani, redio gani. Nikahamia kwenye heshima ya taifa.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharagwe. Kisha akasema pesa iliyopo ni ya jambo moja. Ama tufungie roshani vioo kabla ya baridi, kama nilivyoahidi mwaka jana na mwaka juzi, ama miwani. Roshani ndipo anapoanika na kupiga pasi. Januari suruali zangu huganda zikasimama zenyewe.

Akasema niamue tu, si mimi ndiye mwanamume wa nyumba. Huo ni mtego. Namjua.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeenda dukani kujaribu. Uchunguzi tu.

Msichana wa duka akanivisha. Yakatokea maandishi: kama uko tayari, kubali kwa kichwa. Nikakubali. Nikatikisa kichwa kulia na kushoto, kama sote tunavyokubali hapa kwetu, kama alivyokubali baba yangu na baba yake. Mchezo ukafungwa. Nikakubali tena, kwa nguvu zaidi. Ukafungwa tena.

Msichana akanieleza kwa upole: miwani imetengenezwa nje, na huko nje anayetikisa kichwa amekataa, anayeinamisha ndiye aliyekubali. Inamisha tu, baba, akasema, haina neno. Nikamwambia siwezi kukataa ili nieleweke nimekubali. Mashine ndiyo mgeni hapa. Ijifunze yenyewe! Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Nikatoka kichwa juu. Mlango ulikuwa wa kioo, na kilikuwa kisafi mno.

Jioni nimefanya mazoezi kidogo bafuni, mbele ya kioo. Kuinamisha tu. Dochka akapita akauliza namkatalia nani.

Alhamisi, 11 Septemba

Bega la Dochka limekataa kazi. Daktari, wa kweli safari hii, kasema asinyanyue kitu wala asikoroge kitu. Na magunia ya pilipili hoho yameshajaa kwenye korido!

Ni msimu wa lyutenitsa. Kila Septemba Dochka huweka sufuria kubwa kule nyuma ya magereji, akapika hoho na nyanya mpaka zikawa rojo zito la kupaka mkate majira yote ya baridi. Chupa zake huenda kwa binti yetu anayeishi mji wa Varna, kwa dada yake, kwa kila aliyewahi kumsifu. Hajawahi kuunguza. Uani hakuna asiyejua ya nani ni ya kwanza. Hata Parvan hukiri, akishalewa.

Akaniita jikoni, akaniketisha.

"Krastan, nisikilize vizuri. Mwaka huu unakoroga wewe. Tangu ianze kuchemka mpaka mimi niseme basi. Mkono usisimame. Isiposhika ukoko, nenda kanunue hiyo miwani yako, mimi nitapiga pasi na koti mwilini. Ikishika, namwita fundi wa vioo."

Nikatikisa kichwa mpaka shingo ikalia. Kukoroga! Mtu aliyeendesha tani kwa tani za chuma katikati ya mji mkuu! Nilimwonea huruma, maskini, kajishinda mwenyewe.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika huku mkono unanuka moshi. Nitaeleza kwa mpangilio, maana uani wameshaanza kueleza vibaya.

Dochka alikuwa amechoma hoho na kuzimenya siku mbili nzima, kwa mkono wa kushoto. Mimi nilikuta kila kitu tayari. Nikavaa shati langu la kazi, lenye nembo. Sufuria ikachemka, nikakoroga vizuri sana. Dochka akaniangalia kwa muda, akaridhika, akapanda juu kuchemsha chupa.

Hapo akaja Parvan na miwani kwapani. "Dereva," akasema, "naona wamekupa chombo kipya. Mbona hakina kengele?"

Nikaendelea kukoroga. Akasema nijaribu basi, nisije nikanunua kitu nisichokijua. Hoja ya maana, ingawa imetoka kwake. Na mimi nikafikiri upesi, kama nilivyozoea barabarani. Mwiko unazunguka. Kishikio cha mwendo cha tramu nacho kinazunguka. Kazi mbili, mkono mmoja! Nikafunga kile kidude cha mkononi kwenye mpini wa mwiko kwa utepe. Parvan akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mtu wa matairi hawezi kuelewa.

Nikavaa. Nikainamisha kichwa, wazee wanisamehe.

Mvua nyepesi. Mji wa kigeni. Reli mbele yangu zinang'aa. Sikulitegemea lile. Tangu nistaafu nimekuwa mtu wa kutumwa mkate na kusogezwa miguu wakati wa kudeki. Pale nikawa Krastan tena. Nikazungusha mwiko, tramu ikaondoka laini, abiria hata hawakuyumba.

Tatizo, kama ni tatizo, ni kwamba kulikuwa na vituo.

Na dereva halisi husimama. Kila kituo nilisimama, na mwiko ukasimama. Milango ikafunguka. Bibi mmoja alipanda na kikapu, nikangoja mpaka akae. Kituo kingine mama ana kigari cha mtoto. Je, ningemwacha mvuani? Nikangoja. Nikasikia harufu ya kuungua. Nikajua: breki, maana tulikuwa kwenye mteremko. Nikasikia mwanamke analiita jina langu. Nikafurahi kuwa hata ugenini abiria wananijua.

Kisha miwani ikavuliwa usoni pangu. Alikuwa Dochka.

Mchezo ulinipa alama zote. Hakuna abiria aliyeachwa, hakuna dakika iliyopotea. Nilimwambia Dochka hivyo. Haukuwa wakati wake.

Jumapili, 14 Septemba

Angefoka ningejua la kufanya. Kufoka nakuweza. Hakufoka. Aliketi kwenye kreti la bia, mkono begani, akaitazama sufuria. Rojo jeusi, ukoko wa kukwangua kwa patasi. Akasema, "Nilikuomba kitu kimoja tu, Krastan." Basi. Tangu hapo tunaongea kuhusu chumvi na funguo.

Fundi wa vioo ameshapigiwa.

Mchana Parvan kaja mlangoni, kofia mkononi. Akamwambia Dochka miwani ilikuwa yake, hivyo aruhusiwe kulipa: hoho mpya zikichomwa, yeye atakoroga. Dochka akamkaribisha kahawa. Kwenye kikombe chenye ua! Mimi nimepewa kile chenye ufa.

Mtu wa basi la umeme ashike mwiko wa nyumba hii? Nikiwa hai? Nikasema nitakoroga mimi. Dochka akanikazia macho mpaka nikajifanya natafuta sukari. Nikasema pia hoho nitanunua mimi, nitachoma mimi, nitamenya mimi. Parvan akacheka, akasema atakuja kutazama, asikose tamasha.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimemenya hoho. Kucha zangu sizitambui. Sikujua kwamba ngozi ya hoho inang'ang'ania hivi, na kwamba Dochka amefanya kazi hii kila mwaka, na huwa anaimba.

Nimekoroga. Usoni sikuvaa kitu ila moshi. Parvan alisimama kando, mikono mfukoni, akingoja nikosee. Mgongo ulilia, mkono ukafa ganzi, nikabadili, wa pili nao ukafa. Mkono haukusimama. Dochka alikuwa kwenye kreti lake, macho kwenye mwiko. Baadaye nikageuka nikakuta hautazami tena. Amelala, kichwa ukutani, mdomo wazi. Amelala huku sufuria iko mikononi mwangu! Nilikoroga kwa adabu nisimwamshe.

Alipoamka akashika mwiko kwa mkono mzima, akakwangua chini. Safi. Akaonja. Kisha akaniwekea mkono mgongoni, akasema, "Kumbe unaweza, mzee wangu."

Nilisema moshi umeniingia machoni. Parvan akasema na yeye umemwingia.

Mpaka jioni nilikuwa nimesimulia kwa kila ghorofa, na ya pili mara mbili, maana kulikuwa na wageni. Dochka akaniita ndani. Akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sijui alimlenga nani. Huenda Parvan.

Ijumaa, 26 Septemba

Fundi amemaliza roshani. Vioo juu mpaka chini. Dochka amepiga pasi tangu asubuhi, hata vitambaa vya vyombo, anaimba. Bega linapata nafuu. Nimesimama nyuma yake nikapima kwa macho. Hatua moja huku, hatua moja kule, kioo mbele, mji chini. Ni chumba cha dereva kabisa.

Kuhusu miwani nimefikia uamuzi, na naandika hapa ili ijulikane kuwa nimeamua kwa akili timamu: sinunui. Ubadhirifu huo ni wa vijana. Isitoshe Parvan amekubali kuniazima ya kwake kesho kwa chupa mbili za lyutenitsa. Dochka hatagundua, chupa ziko nyuma kabisa.

Kesho kuna jamu ya matunda ya plamu, nayo ya kukorogwa. Dochka anaenda kwa dada yake upande wa pili wa mji na kurudi jioni. Alichosema ni, "Sufuria nakuachia wewe, sina wasiwasi." Sina wasiwasi! Miaka yote ya ndoa sijawahi kuambiwa neno hilo. Nimetembea nalo kutwa nzima, kifua mbele.

Nami siwezi kumwangusha mtu aliyeniamini hivyo. Kwa hiyo nimeichunguza ajali ya tarehe kumi na tatu kwa makini, kama tulivyochunguza ajali zote kazini. Chanzo hakikuwa miwani. Hakikuwa dereva. Chanzo kilikuwa vituo.

Na ndani ya mchezo ule kuna pia treni ya haraka. Inatoka mji mmoja, inavuka milima, inaingia mji mwingine. Nimemuuliza Parvan mara mbili, akaapa kwa mama yake. Haisimami popote.

Utepe wa kufungia kwenye mwiko nimeshaukata.