Kumng'oa Mchwa Katika Kompyuta Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeapa leo: Mchwa anaondoka. Mchwa ni programu niliyoipakua mwenyewe na kuisifu mwenyewe. Haina vitufe wala picha. Unafungua dirisha jeusi, unaiandikia amri, nayo inakupangia mafaili. Niliiweka kwenye kompyuta yangu, ya mke wangu, na ya shemeji yangu fundi kompyuta, ambaye hakuniomba. Sasa mashine ya mke wangu inanguruma kama inapanda mlima. Yeye ni mshonaji. Amepata kazi ya sare za hoteli, na michoro yote ya kukatia imo humo. Sare zinatakiwa Jumamosi. Akaniomba kwa upole nimwite kaka yake. Nikamwambia ya nini kumsumbua mtu wa watu, na mume yupo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na yangu, ya Windows. Mipangilio, programu, ondoa. Imeisha kabla sijakaa vizuri. Kwa kejeli nikaandika jina lake kwenye dirisha jeusi. Likajibu: karibu. Kumbe niliiweka mara mbili, kwa njia mbili tofauti, nikasahau. Nikaondoa ya pili. Bado folda ya mipangilio imejificha ndani huko, na mashine bado inakumbuka njia ya kwendea kwake. Asubuhi yote imepotea. Shemeji akapiga simu kumsalimu dada yake, akauliza Bwana Mipango anaendeleaje. Hilo ndilo jina alilonipa. Nikamwambia mke wangu ajibu kwamba mzima kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda karakana kwa shemeji, eti kumjulia hali. Yeye anatumia Linux. Alipogeuka kumhudumia mteja, nikakaa kwenye kiti chake. Kule amri moja inaondoa programu, nyingine inafagia mipangilio. Safi! Ila nilisahau mstari unaomwamsha Mchwa kila dirisha jeusi linapofunguliwa. Shemeji alipolifungua, likalalamika mbele ya mteja kwamba Mchwa haonekani. Akaufuta ule mstari bila kuniangalia. Kisha akasema kila mfumo una namna yake ya kuzika, na kabla sijagusa ya dada yake, niangalie kwanza Mchwa kahifadhi nini ndani, halafu nimwite. Nikasema bila shaka. Simpendi akiwa na haki.

Alhamisi, 6 Machi

Sikumwita.

Ya mke wangu ni Mac. Nilisoma kwamba ipo amri moja inayofuta vyote: programu, mipangilio na ghala lake la mafaili. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Mashine ikatulia. Nikamwita mke wangu aje asikilize ule utulivu.

Akabofya folda yake ya sare. Tupu. Hapo ndipo nikakumbuka. Juzijuzi niliihamishia michoro yake kwenye ghala la Mchwa, ili ipangwe vizuri, na pale mbele nikaacha njia ya mkato tu. Yeye hakujua. Nikakimbilia pipa la taka. Kinachofutwa kwa amri hakipitii pipa. Nakala ya akiba je? Niliizima mwenyewe, nikasema Mchwa anatosha.

Akaniuliza michoro ya suruali iko wapi. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji alihangaika na ile mashine jana kutwa. Hakupata kitu. Hakusema nilikwambia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Yeye na dada yake wakachukua sare za mfano zilizokwisha kushonwa, wakazifumua mishono, wakatandaza vipande juu ya karatasi za kaki na kuvichora upya. Nikajitolea kushika rula. Nikaambiwa nipike chai. Wakainywa huku wakichora.

Leo mashati yamepelekwa. Suruali bado. Meneja wa hoteli kampa mke wangu mpaka kesho kutwa jioni, la sivyo kazi yote inahamia kwa mshonaji mwingine. Aliniambia hayo akiwa anakunja kitambaa, kwa sauti ya kawaida tu. Miezi mizima ameisubiri kazi hii. Nimemkosea, na najuta. Nimemwapia sitagusa tena kompyuta yake.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu na kaka yake wametoka kununua vifungo. Kompyuta yake sijaigusa. Ahadi ni deni.

Lakini mezani kuna karatasi za michoro ya suruali. Amezimaliza leo asubuhi, na kitambaa bado hakijakatwa. Hazina nakala! Kikombe kimoja cha chai kikimwagika, tumekwisha. Mume anayejali hawezi kukaa anatazama hatari kama hiyo. Nimepata programu ya bure inayounganisha picha ndogondogo kuwa moja kubwa. Haina vitufe, amri moja tu, na nimeiweka kwenye kompyuta yangu mwenyewe, sio yake.

Tatizo ni skana yangu. Haipokei karatasi kubwa. Basi nimezikata vipande vinavyotoshea, taratibu, kwa mkasi wake ule mzuri. Sikuvipa namba. Programu itajua yenyewe kipi kinakaa wapi.

Nawasikia getini. Mke wangu anacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Nitamwonyesha mimi mwenyewe, kabla kaka yake hajajifanya ndiye aliyelifikiria.