Watu Kumi wa Kufunga Bendeji Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimekubaliwa! Mafunzo ya vitendo ya uhudumu wa dharura, yale ya kupanda gari la wagonjwa! Nadharia niliimaliza kabla ya harusi, Jumamosi tunaanza. Amjad, mume wangu wa wiki tatu (naandika "mume wangu" kwa herufi kubwa), kasema nitaokoa nusu ya Unguja. Nusu ya pili sijui kamwachia nani.

Sharti moja tu. Mwalimu Msabah ametupa fomu: kila mmoja wetu afunge watu kumi, bendeji au gango la kushikiza mfupa uliovunjika, na kila aliyefungwa atie sahihi. Asiyetimiza kumi hagusi kitu Jumamosi. Atakaa benchi atazame wenzake.

Afra, wifi yangu, naye yumo. Keshapata sita, wote wa ofisini kwake. Kanipigia simu kuniuliza, sauti imejaa asali, biharusi anayeshinda ndani atawapata wapi wagonjwa.

Wapi? Wanakuja wenyewe! Kila alasiri wanawake wanapanda ngazi zetu hapa Kiponda kuja kumtazama biharusi. Wanakaa. Wanakula halua. Mikono na miguu yote wanayo. Akili niliyonayo inanitisha mwenyewe.

Jumanne, 4 Novemba

Watatu! Utaratibu: halua kwanza, kahawa pili, bendeji tatu. Mtu aliyeshakula halua yako huona haya kukataa. Bi Salhiya wa nyumba ya pili alikuja kukagua mapazia, akaondoka kichwa kimezungushwa mpaka kwenye nyusi. Akalalamika hasikii vizuri. Nikamwambia ndiyo dalili kwamba imekaza.

Wa nne ni Amjad. Nilimpima mapigo ya moyo: tisini na sita! Akasema ni zile ngazi, kazipanda mbio. Ngazi! Mimi najua ni macho yangu. Nikamfunga gango mkono wa kulia kwa mwiko wa pilau na kanga yangu ya harusini. Mkono ukatulia, hata kidole hakichezi. Akakataa kufunguliwa. Alisema anakwenda barazani kuwaonesha wenzake mke aliyemuoa. Nilimtazama dirishani mpaka akakata kona. Mume gani kama huyu?

Jumatano, 5 Novemba

Balaa! Barazani hakuna aliyesubiri maelezo. Kabla ya isha Kiponda nzima ilishajua kwamba biharusi kamvunja mume mkono.

Asubuhi mavyaa, Bi Shemsa, kapanda na bakuli la supu kwa ajili ya mwanawe. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba ikatoka kwa mbali, kama simu ya mtandao mbovu. Akasema, "Huyu nimemlea miaka ishirini na tisa, hajavunjika hata ukucha. Wewe wiki tatu tu, Wafaa?" Amjad akaukunja mkono, akaukunjua, akaupunga hewani. Mavyaa akasema ndivyo wanavyofanya wote wanaopigwa.

Alasiri hakuja mgeni hata mmoja. Halua inanitazama. Afra katuma ujumbe: "Tisa." Na kile kiuso kinachocheka mpaka machozi.

Alhamisi, 6 Novemba

Wamerudi! Ila hawaji tena kumtazama biharusi, wanakuja kumtazama mwanamke anayevunja wanaume. Chumba kimejaa! Wamekaa karibu na mlango, lakini wamekaa. Nilipomwambia wa kwanza alete mkono, aliuleta pale pale, na akauliza kama nautaka na wa pili. Watano kwa saa moja! Jumla tisa. Amjad akanikatia bendeji huku akisema, mbele ya watu wote, kwamba hajaona mikono myepesi kama yangu. Wageni wakatazamana. Mimi nikaelea hewani.

Ijumaa, 7 Novemba

Bado mmoja. Nikamwona: mavyaa! Alikuja kula nasi mchana ili ahakikishe mwanawe mzima. Baada ya biriani akasinzia kwenye kochi, miguu imekaa sambamba kama picha ya kitabuni. Na kitabu kinasema mguu uliovunjika ufungwe pamoja na mzima. Nikafunga yote miwili, kifundoni mpaka magotini. Kazi safi kabisa!

Akaamka. Akataka kusimama. Amjad alimdaka hewani, shujaa wangu. Aliyoyasema mavyaa siyaandiki, daftari hili ni la mapenzi. Lakini nilipomletea fomu, ajabu, akaomba kalamu mwenyewe. Akaandika maneno marefu kidogo kuliko jina lake. Sikuyasoma, nilikuwa namshukuru kwa kumbusu mkono. Kumi!

Jumamosi, 8 Novemba

Fulana mpya. Kucha fupi. Amjad kanisindikiza mpaka mlangoni. Ndani midoli mikubwa ya mazoezi imelazwa sakafuni, safu nzima, inanisubiri!

Mwalimu Msabah akaisoma fomu yangu. Mstari wa kumi ukamvua miwani. Akausoma kwa sauti: "Nilikuwa nimelala."

Darasa zima likapasuka. Afra alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mwalimu hakucheka. Akauliza, na wale tisa, niliwaomba ruhusa? Nikasema niliwapa halua. Akasema mgonjwa mwenye fahamu huombwa kwanza, ndipo huguswa, na asiyelijua hilo hamkabidhi hata mdoli.

Benchi. Saa nne nzima nikimtazama Afra akikandamiza kifua cha mdoli, akihesabu kwa sauti ili nisikie. Nililia kidogo. Nyumbani Amjad akanifuta machozi kwa bendeji.

Lakini sikufukuzwa! Nimepewa fomu mpya. Nikimletea Jumatatu sahihi za watu kumi wengine, kila mmoja kakubali kwa kinywa chake, naingia. Nimeelewa kabisa kosa langu. Lazima wakubali.

Na kesho Fumba kuna harusi ya binamu yake Amjad! Wanawake mia mbili kwenye majamvi, wana njaa tangu asubuhi, na nimeshaomba kazi ya kugawa pilau. Nitamuuliza kila mmoja kwa adabu zote, sahani ikiwa bado mkononi mwangu.