Gari Ninalomuuzia Mwanyumba

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Gari limenitia aibu mbele ya duka. Nilipoliwasha lilitoa moshi wa buluu mpaka muuza magazeti akahamisha meza yake. Nimelipeleka gereji. Fundi katia vidole kwenye turbo, ile feni ndogo inayosukuma hewa ndani ya injini, akaitikisa. Ikacheza kama jino la mtoto wa miaka saba. Kasema mhimili umelika, oili inavuja na kuungua, na bomba jembamba linalopeleka oili huko limeanza kuziba kwa masizi. Akaniuliza mara ya mwisho nilimwaga oili lini. Nikasema juzijuzi. Akasoma kibandiko cha mlangoni. Miaka miwili na nusu.

Turbo nyingine, bomba, gasketi na ufundi: karibu nusu ya bei ya gari lenyewe. Bomba likiziba kabisa, kasema, injini itanoki, itakaza palepale na haitazunguka tena. Nisipande nalo mlima.

Nimemshukuru. Sitengenezi. Nitaliuza wiki hii hii. Mnunuzi ninaye: mwanyumba wangu, aliyeoa mdogo wake mke wangu. Kila tukikutana huniuliza mbele ya watu gari langu linakunywa lita ngapi. Lakini nilishamwona akilipangusa boneti kwa mkono wa shati lake. Analitamani.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Siku ya kazi nzito. Nimetia oili nzito kuliko inayotakiwa, na kichupa cha dawa ya kuzuia moshi. Moshi umepungua, sasa ni wa mtu anayevuta sigara kwa kujificha. Mpira mkubwa unaopitisha hewa ya turbo una ufa. Nimeuzungushia ule utepe mweusi ninaojalidia vitabu dukani kwangu. Umeshika vizuri kuliko vitabu.

Imebaki taa nyekundu ya oili. Gari likipata moto, inawaka. Nimefungua skrubu nne za dashibodi, nikaifunika kwa utepe uleule. Giza totoro. Mke wangu kaniuliza ninafanya nini humo ndani saa nzima. Nikasema nafuta vumbi. Akauliza ni vumbi gani linalofutwa kwa bisibisi.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mwanyumba kaja na daftari. Maswali ishirini na matatu, yameandikwa. Nimejibu yote kwa uso mkavu. Akataka kujua kwa nini bei ni nafuu hivyo. Nikasema udugu. Akaguswa. Na mimi niliguswa kidogo, ikapita.

Kisha kaniharibia. Anataka kulijaribu mlimani. Nikasema tambarare yatosha. Akasema Jumamosi Mama ana miadi saa nne kliniki ya macho, kule juu. Alifanyiwa upasuaji wa jicho, anakwenda kufunguliwa bandeji. Yeye ataendesha, Mama akae nyuma, tutakuwa tumeua ndege wawili kwa jiwe moja. Mama huyo ni mama mkwe wetu sote wawili. Mke wangu aliitikia kabla sijapata pa kushika.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimejaribu kuumwa tumbo. Mke wangu kanipa dawa na kusema si lazima niende, wataenda wawili. Nikapona. Siwezi kuwaacha peke yao na kitu ninachokijua mimi tu. Kilomita kumi na moja. Gari limeshavumilia mengi. Litavumilia na hizi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni



Tuliondoka saa tatu. Mama nyuma, jicho moja limefungwa, mkoba magotini. Tambarare gari lilitulia kama maji mtungini. Mwanyumba akawa anatabasamu. Mimi nilikuwa nasikiliza.

Kona ya pili ya mlima, pu. Mpira wa turbo umeachia. Nguvu zikapotea. Mwanyumba akadhani hajakanyaga vya kutosha, akakanyaga zaidi. Kwenye kioo nikaona wingu la buluu, na ndani ya wingu lori la kokoto, limetukaribia. Kushoto mwamba. Kulia bonde, hakuna ukingo.

Kona ya tatu injini ikaanza kugonga. Tik, tik, tik, kama mtu anayegonga meno. Nikajua chini ya ule utepe taa inawaka nyekundu. Ikinoki hapa, usukani utakuwa mzito kama mlango wa ghala, breki zitakuwa ngumu, na lori li nyuma yetu. Nikataka kusema. Nikawaza bei. Nikataka tena kusema.

Mwanyumba akaangalia dashibodi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hakuna taa hata moja. Gari la mtu mwangalifu hili."

Mama akasema kutoka nyuma, taratibu, "Baba, kuna kitu kinaungua."

"Ni harufu ya lori, Mama," nikasema. Ulimi huu utanizika.

"Lori liko nyuma," akasema Mama. "Harufu iko mbele."

Nikamwona kwenye kioo, ameshika mkoba kwa mikono miwili, jicho lake zima linanitazama kisogoni. Akawa amenishinda.

"Weka pembeni," nikamwambia mwanyumba. "Zima. Zima sasa hivi."

"Kwa nini? Mbona taa haziwaki?"

"Nimeifunika. Weka pembeni."

Hakuuliza tena. Alilitupa kwenye kijiuwanja cha changarawe upande wa mwamba, akazima. Lori likapita, honi ikilia, karibu liondoke na kioo cha pembeni. Oili ikawa inadondoka chini.

Mwanyumba alikaa na mikono kwenye usukani. Mama ndiye aliyesema.

"Na nini kingine umekifunika?"

Nikamwambia yote. Mpira, utepe, oili nzito, kichupa. Alisikiliza kama nesi mzee anayesikiliza mgonjwa mwongo, maana ndiyo kazi aliyostaafu. Dereva wa lori alikuwa amesimama mbele kuja kututukana. Alipomwona Mama akaacha matusi, akampa kiti cha mbele cha lori, mwanyumba akapanda naye. Saa nne na dakika tano alikuwa kliniki. Bandeji imefunguliwa. Anaona. Kitu cha kwanza alichosema ameona vizuri, kwa mujibu wa mwanyumba, ni mimi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kikao sebuleni. Mwanyumba hakupaza sauti, jambo baya zaidi. Alifungua daftari, akafuta majibu yangu ishirini na matatu, moja moja, kwa rula. Mke wangu kasema tungeweza kuzika watatu kwa utepe wa kujalidia. Nililia kidogo, kweli, si hila.

Hukumu: turbo itengenezwe yote, kwa fundi, mke wangu akiwepo. Mashine yangu ya kukatia karatasi iuzwe ilipie. Na kila Jumatatu nimpeleke Mama kliniki mimi mwenyewe mpaka daktari atakapomwachia.

Nimeapa mbele yao sitaficha tena ubovu wa gari. Nimeapa kwa moyo mmoja. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatatu, tarehe 24 Juni

Gari limerudi kuwa gari. Hakuna moshi. Mlima tumepanda kama tunateremka, mke wangu mbele, Mama nyuma na miwani mipya. Hata mwanyumba kanipungia mkono, ingawa kwa mbali.

Kuna kijambo tu. Gurudumu la nyuma kushoto limeanza kunguruma likishika kasi. Najua ni beringi, ile pete ya chuma inayozungukia gurudumu, imelika. Nikimwambia fundi atavua gurudumu, atavua na la pili, na nyumbani kutaitishwa kikao. Kwa mngurumo tu? Nimeongeza sauti ya redio.

Mama akauliza ni nini kinachovuma huko nyuma. Nikasema ni besi za kwaya. Akasikiliza mpaka kliniki, kisha akauliza kwa nini kwaya hiyo hupunguza besi kila ninapokanyaga breki.

Kesho natafuta spika kubwa zaidi.