Barafu Kavu Haikungoja Zamu Yangu

Kwa Meneja,
Duka la Barafu Kavu,
Nakuru.

Bwana Meneja,

Salamu kutoka Sachangwan. Samahani kwa kukusumbua. Mimi ni mtu ambaye hata nikijua jibu darasani, namwandikia jirani yangu alisome yeye.

Nilikubali kuwa malaika katika igizo la Krismasi na kuimba peke yangu, kwa sharti moja: niimbe ndani ya moshi mweupe ambao barafu yenu hutoa ikitiwa maji, nisionekane hata kidole. Tukanunua kilo tano siku ya Ijumaa. Igizo lilikuwa Jumapili. Sasa nalalamika:

1. Barafu yenu haijui kusafiri na watu. Shemasi Muiruri aliibeba kwenye Probox, vioo vyote juu, kwa sababu baridi ya huku huchezi nayo. Kabla hatujafika nyumbani tulikuwa tunahema, vichwa vinagonga. Shemasi akaegesha gari, akakemea pepo. Pepo alitoka tulipofungua milango.

2. Ni ya uongo. Jeff, ambaye ndiye Yusufu, aliishika kwa mkono mtupu ili wasichana wamwone. Ikamchoma kama sufuria ya ugali. Yusufu wetu alimpokea mtoto Yesu kwa bandeji.

3. Haithamini mapokezi. Jumapili asubuhi Shangazi Milcah, mkuu wa chai kanisani, aliitia iliyobaki kwenye thermos kubwa ya wageni na kukaza kifuniko kwa nguvu zake zote, akisema kitu cha mgeni hakiachwi wazi. Katikati ya maombi kifuniko kiliruka, kikagonga mabati. Hakuna aliyeumia, ila wazee wawili waliokoka upya.

4. Hili ndilo lililoniuma. Zamu yangu ilipofika hakukuwa na hata kipande. Barafu ya kawaida ikiondoka huacha maji, angalau ujue ilikuwepo. Yenu iliondoka bila kuaga. Nilisimama mbele ya watu mia mbili, naonekana mpaka soksi, nikaimba.

Kwa hivyo naomba mtutumie kilo tano nyingine za Pasaka, bure, za aina inayovumilia vioo vilivyofungwa, inayokubali kufunikwa, na inayojua kungoja.

Wasalimie wafanyakazi wote, na askari wa getini, na familia zao.

Wako mwenye aibu na masikitiko,
Chepchumba, Kidato cha Tatu.

N.B. Dada wa kaunta alinipa karatasi: vaeni glavu, fungueni vioo, kifuniko kisikazwe, nunueni siku ya kutumia. Niliipakata njia nzima. Niliisoma kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kisha nikanyamaza kwa lugha zote mbili, maana nani atamwambia shemasi afungue dirisha? Jana nilimwonyesha Shangazi. Alisoma yote, akavua miwani. "Wewe unaimba mpaka watu wanalia, halafu kusema fungueni dirisha kunakushinda?"

Pasaka naimba tena. Barafu msilete.