Godoro la Kumrudisha Ashura

Alhamisi, 4 Oktoba 1951. Ruangwa.

Ashura ameondoka. Amechukua kanga tatu, sufuria ndogo na mto wake. Mto! Mwanamke aliyechukua sufuria anaweza kurudi kesho. Aliyechukua mto amekusudia kulala huko. Amepanda lori la Nachingwea, na kutoka huko atakwenda kwao Chiola.

Hakugombana nami. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu kwamba amechoka kuamka na alama za kamba za kitanda shavuni, kwamba godoro letu la nyasi limebaki vumbi na panya, na kwamba siku nitakapokuwa na kitanda ambacho mtu anaweza kulalia ubavu, nimwite. Mwaka wa nne huu namwahidi godoro. Nimemwahidi vizuri sana, kila mwaka.

Ijumaa, 5 Oktoba.

Nimelala upande wa Ashura. Kitanda ni kibaya kweli. Sikuwahi kugundua, maana upande wenye kamba nzima ni wangu.

Baada ya swala kila mtu amenishauri niende kwa Saburi, mshona magodoro, ambaye banda lake linatazamana na duka langu la kushonea nguo. Siwezi. Mwaka huu huu Saburi alisema mbele za watu kwamba fundi wa suruali akishona godoro litapasuka kabla mwenyewe hajajifunika. Nikamjibu kwamba kushona magodoro ni kazi ya mtu aliyeshindwa kushona kola. Ukishasema hivyo huendi tena kuomba godoro.

Nitashona mwenyewe. Nina gunia zima la mabaki ya vitambaa.

Jumamosi, 6 Oktoba.

Nimelalia mabaki ya vitambaa. Mafundo matupu. Vifungo pia, sijui viliingiaje. Sindano yangu kubwa ilikuwa imepotea tangu jana. Nimeipata alfajiri, kwa paja.

Jumatatu, 8 Oktoba.

Barua ya Ashura, kwa mkono wa dereva wa lori. Habari njema na mbaya. Nilikuwa nimemwandikia kwamba godoro liko tayari. Anasema amefurahi, ila ahadi zangu anazijua. Hivyo Jumamosi atamtuma Bibi Mwamina, mama wa mama yake, alale juu yake usiku mmoja kisha ampelekee habari.

Bibi Mwamina ni mtani wangu. Huniita mume wake, na hilo halina neno. Shida ni kwamba hajui kuficha kitu kwa adabu. Siku ya harusi yetu aliwatangazia wageni kwamba pilau ni mbichi. Na ilikuwa mbichi.

Kwa hiyo nahitaji sufi ya kweli. Msimu umepita, miti imebaki matawi. Sufi yote iliyovunwa iko kwa Saburi.

Au imo ndani ya mito ya watu.

Nimekaa na wazo hilo mpaka chai imepoa.

Jumanne, 9 Oktoba.

Mama Teodosia amekuja kuchukua gauni lake la kanisani. Nimekohoa kidogo. Ameniuliza nina nini. Nimemwambia ni mto wangu wa sufi, na kwamba nimeuchoma moto jana. Dereva mmoja wa kambi ya Wazungu wa mradi wa karanga kule Nachingwea ameniambia, naye kaambiwa na watu wanaojua, kwamba sufi iliyolaliwa zaidi ya miaka miwili huingia puani usiku na kwenda kukaa kifuani. Mama Teodosia ameshika kifua. Nikasema mimi nachoma ya majirani bila malipo, maana nyumbani kwa mtu moshi wake ni hatari. Nikamsihi sana asimwambie mtu.

Kufika jioni nimeletewa mito minne.

Alhamisi, 11 Oktoba.

Mito kumi na mmoja! Nimechoma lile gunia la mabaki nyuma ya duka ili moshi uonekane. Mzee Shehe amesimama pembeni akaniombea dua. Nimeitikia amina kwa sauti.

Saburi naye amekuja. Watu wawili wameshafuta kazi walizompa. Ameniuliza kwa upole kama najua maneno haya yameanzia kwa nani. Nimesema watu hawaishi kusema. Akatazama moshi wangu, akanusa, akasema sufi ikiungua hainuki hivyo. Kisha akaenda zake. Nafsi imenisuta. Kama robo saa hivi.

Nimekata kitambaa kipya cha marekani, nimeshona mfuko wa godoro, nimechana mito na kumimina sufi ndani. Sufi puani, sufi kwenye ndevu, sufi kwenye ugali. Mito minane nimeimaliza. Mitatu ya mwisho mkono ulichoka, nikaisukumiza mizima upande wa kichwani. Nani atafungua?

Nimejilaza kujaribu. Nimeamka baada ya saa tatu nzima, mteja akigonga.

Ijumaa, 12 Oktoba.

Balaa. Barua tena. Bibi Mwamina anakuja kesho kama ilivyopangwa, ila sufi hailalii kwa hali yoyote. Amesikia kwamba sufi ya Ruangwa imeshaua watu watatu Narung'ombe.

Ni maneno yangu! Yametembea siku tatu yakafika Chiola, na njiani yameua watu.

Nimejibu kwa dereva yule yule. Nimemwandikia Ashura kwamba bibi asiwe na wasiwasi, godoro hili si la sufi, ni la sufu, manyoya ya kondoo wa Ulaya, limetoka kambini Nachingwea. Herufi moja tu. Mtu akiniuliza, nilikosea tahajia.

Jumapili, 14 Oktoba.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya meza ya kukatia nguo, ambako nililala jana ili kumwachia bibi chumba. Niandike kwa utaratibu.

Bibi Mwamina alifika jana jioni, akalibonyeza godoro kwa kiwiko, akasema mume wangu umekuwa tajiri. Akalala. Jua likapanda. Nikapika uji, ukapoa. Nikaanza kuogopa amekufa. Alipotoka uso wake ulikuwa umenyooka kama wa msichana. Alisema hajalala hivyo tangu alipomzika mumewe, na kwamba leo ndiyo mara ya kwanza kuamka bila kuukumbuka mgongo wake.

Nilikuwa nimeshinda. Lori lilikuwa la saa nane. Laiti angekaa kimya mpaka saa nane!

Akatoka uani, akawaita wanawake waliokuwa wakitoka kanisani na wale waliokuwa wakienda kisimani, waje waguse sufu ya Ulaya. Wakaja saba. Mama Teodosia mbele. Nilisema kondoo wa Ulaya hawapendi kushikwashikwa. Hakuna aliyenisikiliza. Bibi akaketi katikati ya godoro, akawavuta wawili kulia na wawili kushoto ili waonje ulaini.

Mshono ukaachia kutoka kichwani hadi miguuni.

Sufi ilijaa chumba kizima. Wanawake wakaziba pua, wengine wakapiga kelele kwamba watakufa. Na katikati ya wingu lile ukateleza mto mmoja mzima, ukaanguka miguuni mwa Mama Teodosia. Foronya nyeupe, msalaba wa uzi mwekundu, alioudarizi kwa mkono wake. Akauokota. Akaniangalia. Akaukumbatia, akatoka. Ningependa angenitukana.

Bibi Mwamina alipangusa sufi usoni, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniambia, "Mume wangu, mimi nilitumwa kulala, na nimelala. Nitamwambia Ashura godoro lilikuwa zuri, na mume ni yule yule."

Akapanda lori la saa nane.

Jumatano, 17 Oktoba.

Nashona mito minane niliyoichana; ile mitatu mizima imesharudi kwa wenyewe. Kila mwenye mto anasimama mlangoni kuhakikisha sufi yake inajaa. Mama wa watu mmoja amedai mto wake ulikuwa mnene kuliko hivi. Haukuwa. Nimeongeza.

Leo nimekwenda kwa Saburi. Nimemwomba radhi mbele za watu, kwa sauti, kama nilivyomtukana. Nimesema pia kwamba maneno ya sufi niliyatunga mimi. Alinisikiliza huku akichambua sufi, hata hakuinua kichwa. Halafu akauliza kitanda changu kina upana gani. Nikamwambia. Akasema anajua, alishakuja kukipima Ashura alipomwita mwaka juzi, nami nikasema tusubiri mwakani.

Amekubali kunishonea godoro. Nitamshonea suruali mbili.

Jumamosi, 20 Oktoba.

Godoro la Saburi limeingia ndani. Mshono wake ni mbaya kutazama, lakini nimeuvuta kwa mikono miwili na haukutikisika. Ashura ameshuka kwenye lori na mto wake kwapani. Hakunisalimia kwanza. Amekwenda moja kwa moja chumbani, akalala kwa ubavu, na kanga yake na vumbi lake la safari. Nimemuuliza kutoka mlangoni kama ni pazuri. Alikuwa ameshalala.

Nimekaa nje nikamlindia mlango watu wasigonge. Nyumba ilikuwa tupu sana wiki hizi mbili. Sijamwambia.

Alhamisi, 25 Oktoba.

Amani. Ashura anaimba akitwanga. Ameniapisha kwamba mambo ya hila nimeyaacha, na nimeapa kwa moyo safi kabisa.

Baadaye dereva wa lori amepita dukani. Anasema kambini Nachingwea kuna vyandarua vinagawiwa bure, ila ni kwa nyumba zenye watoto pacha tu. Mvua ziko karibu na mbu watakuja. Ashura anastahili chandarua. Basi nimemwambia dereva tuna pacha. Jumamosi anakuja kuwaona ili atuandikishe.

Jirani yangu Kornel ana wajukuu wawili. Mmoja ana miaka minne, mwingine saba. Nikiwalaza kitandani na kuwafunika shuka hadi shingoni, yule wa saba akikunja magoti, watalingana.