Malalamiko Dhidi ya Taa ya Kijani ya Sigara ya Umeme

Eustace Bernardo,
Isevya, Tabora.

Kwa Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Mizani na Vipimo,
Tabora.

YAH: TAA KUSEMA UONGO MBELE YA WAKWE

Ndugu Mkuu,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Najua ofisi yako inashughulika na mizani ya wafanyabiashara na pampu za mafuta, na huenda ukajiuliza taa yenye ukubwa wa punje ya mtama inakuhusu nini. Inakuhusu, kwa sababu nayo ni kipimo. Imewekwa ili mtu aiamini. Mimi niliiamini, na nusura ndoa ya mtoto wa marehemu mdogo wangu ivunjike kabla haijafungwa.

Nieleze kwanza nilivyoipata. Nimelima tumbaku Urambo kwa miaka mingi, na kuivuta miaka hiyohiyo, mpaka daktari aliponisikiliza kifua akauliza kama humo ndani kuna mlango unaolia. Binti yangu Julieth, anayeishi Dar es Salaam, akaniletea sigara ya umeme. Ni kijiti cha chuma kinene kama kidole gumba, ndani kina betri na maji yenye harufu ya embe, na ubavuni kina taa. Akanifundisha: "Baba, ikiwaka kijani chaji imejaa, buluu imefika nusu, nyekundu inakaribia kuisha. Hakuna kingine cha kujua."

Ndugu Mkuu, kulikuwa na vingine vingi vya kujua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Taa hii hubadili kauli. Nikivuta inakuwa nyekundu. Nikiiacha ipumzike kidogo inarudi kijani, kana kwamba hapakutokea jambo. Nilimwita mke wangu Advera aje ashuhudie. Alichoshuhudia, kwa maneno yake mwenyewe, ni mume wake kukaa barazani akigombana na kijiti.

2. Rangi nyekundu ina maana mbili zinazopingana. Betri ikifa, taa ni nyekundu. Betri ikiwa kwenye chaji, inapona, taa ni nyekundu vilevile. Ni sawa na nesi kutoka wodini akawaambia ndugu wa mgonjwa neno moja tu, "Tayari," kisha akaondoka na kuwaacha wachague wenyewe kulia au kushukuru.

3. Taa ilinidhalilisha Ulyankulu. Hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo penye kesi.

Valentino, mtoto wa marehemu mdogo wangu, alitaka kumuoa Inamahoro, binti wa mzee Tobia. Ni familia ya wakulima wenye asili ya Burundi, Wakatoliki wa kweli, watu wasiopenda mchezo. Kwa kuwa baba yake Valentino hayupo tena, mimi baba mkubwa ndiye niliyeongoza msafara. Kabla ya kutoka Isevya niliichaji sigara mpaka ikawaka kijani, nikaitia mfuko wa shati, nikaondoka kifua mbele kama mtu aliyebeba cheti.

Tulipokelewa vizuri. Vijana walitoa shikamoo, wazee tukaitikia marahaba, tukakaa. Mzee Tobia akauliza jambo moja tu, lakini zito: binti yake yuko chuo cha uuguzi, je, akiolewa ataendelea na masomo au atakwenda kuhesabu vyungu vya watu? Swali la namna hiyo linataka mtu avute kwanza. Nikapeleka mkono mfukoni, nikabonyeza kidogo kujituliza. Taa ikaanza kukonyeza nyekundu, ikionekana wazi ndani ya shati jeupe.

Shangazi wa binti, mama Spesioza, akaniuliza, "Mzee, hicho kinachokonyeza kifuani ni kitu gani?"

"Ni sigara, mama."

"Sigara inakonyeza?"

Wakasemezana kwa Kirundi, sauti za chini. Sikuelewa isipokuwa neno moja, nalo lilikuwa "kurekodi."

Mzee Tobia akasema, "Sisi tunazungumza mambo ya mtoto wetu, wewe unatuchukua sauti?"

Nikaapa kwamba sivyo, nikaitoa, nikasema nitavuta mbele ya macho yao moshi uonekane. Nikavuta. Moshi haukutoka. Taa ikakonyeza kwa kasi zaidi.

"Inakataa," akasema mama Spesioza. "Bado inarekodi."

Ndugu Mkuu, mzee Tobia aliagiza chakula kirudishwe jikoni. Kuku alinipita puani na mvuke wake. Valentino alikuwa ameinamisha kichwa, na nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi, maana alikuwa anampenda yule binti na mimi ndiye niliyekuwa baba yake siku ile. Nikaomba umeme.

Mzee Tobia akanionyesha kwa kidevu boksi la betri ya sola lililokuwa ukutani. Inamahoro mwenyewe ndiye aliyeleta waya wa simu yake, akachomeka bila kuniangalia. Taa ikawaka nyekundu.

"Sasa inatuma," akasema mama Spesioza.

Tukasubiri. Hatimaye ikawa kijani. Nikavuta, na wingu la embe likamfikia mama Spesioza akapiga chafya, akakubali kwamba kweli ni sigara, ingawa ya ajabu. Nikavuta tena ili kuondoa shaka iliyobaki. Haikutoka kitu. Nyekundu! Na papo hapo feni ya ukutani ikasimama na redio ya jikoni ikanyamaza.

Mzee Tobia akaliendea boksi lake la sola. Lina taa nne za chaji, na zote zilikuwa kijani. "Nne!" akasema. "Zote nne, na umeme hakuna! Tangu tuvune mpaka leo inanifanyia hivi!" Akarudi, lakini hakukaa kwenye kiti chake. Alikaa karibu yangu.

Akanieleza alivyoelezwa na fundi wake: taa hupima msukumo wa betri, haipimi wingi wa kilichomo. Ukianza kuvuta umeme mwingi kwa mkupuo, msukumo unashuka. Ukiacha, unapanda tena. Na betri iliyozeeka ni kama tangi lenye matope chini. Utaona maji yamefika juu, utafurahi, kumbe hayatoshi kuoga mtu mmoja. Ndiyo maana inajaa haraka na kwisha haraka.

"Basi kwa nini wanaiita kipimo?" nikamuuliza.

"Hilo ndilo ninalouliza kila siku, na hapa nyumbani hakuna anayenisikiliza!"

Kisha akamgeukia Valentino. "Na wewe kijana, wewe una taa gani?"

Valentino akainua kichwa, akajibu, "Baba, mimi sina taa. Inamahoro amalize chuo kwanza, halafu ndiyo tufunge ndoa. Nitasubiri."

Kuku akarudi.

4. Taa hizi zinavunja heshima ya mji wetu. Tabora ilikuwa mji wa misafara. Wapagazi walipita hapa wakielekea pwani na mizigo mabegani, na aliyechoka alitua mzigo chini, kila mtu akaona. Hakuna mpagazi aliyewaka kijani huku ameanguka.

Kwa hiyo naomba ofisi yako ifanye yafuatayo:

Mosi, kila taa ya chaji ipigwe muhuri kama mizani, na ikaguliwe kila mwaka ikiwa inavutwa, si ikiwa imepumzika.

Pili, iongezwe taa ya nne, ya rangi ya kahawia, ambayo maana yake iwe "sina hakika." Naamini ndiyo itakayowaka zaidi.

Tatu, wasemaji wote wa familia kwenye posa, pamoja na wagombea wa nafasi yoyote, wavae taa ya namna hiyo kifuani, ili tujue kabla hawajaanza kama wana cha kusema au ni msukumo tu.

Nne, taa, kifaa au mtu yeyote atakayeonyesha kijani hali ndani hana kitu, afungiwe ndani ya wavu sokoni Isevya, wananchi wapite wamtazame. Mzee Tobia ameahidi kuleta boksi lake liwe la kwanza.

Wasalimie wote ofisini, hasa mpiga muhuri. Advera anakusalimu, mzee Tobia anakusalimu kutoka Ulyankulu, na mama Spesioza anakusalimu ingawa anauliza kama barua hii inarekodiwa.

Ni mimi mlalamikaji wako,
Eustace Bernardo

Tanbihi: Nilipokwisha kutia sahihi, Advera alipita akaniuliza, "Baba Julieth, hujachoka?" Nikamjibu, "Mimi? Niko imara kabisa." Nilipozinduka shavu langu lilikuwa juu ya karatasi, na doa la wino unaloliona kwenye ombi la pili limetokana na hapo. Advera akaniuliza kama nitakwenda sokoni kwa miguu au anitafutie bodaboda.

Nikatoka kupunga upepo. Jirani yetu Koleta alikuwa mlangoni, mguu umefungwa bandeji mpaka gotini. Nikamuuliza hali. "Nzuri tu." Mbele yake mzee Majidi alikuwa akiokota mabati ya paa lake lililong'olewa na upepo. Nikamuuliza, "Habari za nyumbani?" Akasema, "Salama, tunamshukuru Mungu."

Ndugu Mkuu, wavu wa kututosha sote haupatikani Tabora. Tafadhali ichane barua hii. Natumaini wewe hujambo. Wala usijibu.