Malalamiko Kuhusu Mbwa Aliyenyolewa Namba Nne

Gihundwe, Rusizi
Alhamisi

Kwa Mwenyekiti wa Umoja wa Vinyozi, Kamembe

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea heshima zangu, zile chache nilizobaki nazo. Mimi ni Mukengere Adrien, mfanyabiashara wa vitenge mstaafu, na ninakuandikia kwa uchungu kuhusu mbwa aitwaye Bijou. Ni mbwa mdogo, mweupe, ambaye mpaka juzi manyoya yake yalikuwa yakifagia sakafu. Ni mali ya mke wangu Marguerite. Aliachiwa na sista mmoja wa Bukavu aliyehamishwa.

Marguerite yuko Bukavu, ng’ambo ya mpaka, anamuuguza dada yake. Juma lililopita alinipigia simu: “Umupeleke Bijou kwa mutu mwenye anajua kazi. Amukate manyoya ya ku macho tu. Ingine musiguse.” Niliyapokea maagizo hayo kwa ule usikivu wangu unaojulikana mtaa mzima. Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Mji wetu una saluni za nywele, za kucha, na mahali pa kuoshea pikipiki hadi zing’ae, lakini mwenye mbwa hana pa kwenda. Kinyozi wa jirani na msikiti alinieleza kwa upole kwamba mashine yake hupita kwenye vichwa vya watu wanaokwenda kuswali, kisha akanipa chai nje ya mlango, na Bijou akampa maji. Nimejaribu kumkasirikia, nimeshindwa. Maman Antoinette, msusi, hakukataa hata kidogo. Nilimwona tayari ameanza kumsuka mistari, nikamnyakua mbwa kabla ya shanga.

2. Ndipo nikaangukia kwa mwanachama wako Habineza. Ukutani kwake kuna lile bango la vichwa vya vijana, kila kichwa na namba yake. Mteja anagusa, kinyozi ananyoa. Utaratibu mzuri sana kwa mtu anayeona. Miwani yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani kwa sababu inanizeesha. Bijou akakalishwa kwenye kiti, mimi nikanyoosha kidole. Kidole hiki, Ndugu Mwenyekiti, kinagusa namba nne tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Kikaenda namba nne.

3. Habineza hakucheka wala hakuuliza, na hili ndilo linaloniuma. Mimi nilikuwa nimewageukia wateja wengine nikiwafafanulia namna ya kuendesha nchi kadhaa. Nyuma yangu akamnyoa mbwa pembeni mpaka ngozi, juu akapaacha pamesimama sawasawa, akamchonga njia upande wa kushoto. Akampaka poda shingoni. Akamshikia kioo cha pili ili aone kisogo chake, na Bijou akaonekana ameridhika. Nilipogeuka niliona uso wangu kwenye kioo, na chini yake uso wangu tena, huu ukiwa na pua yenye unyevu. Kwa haki niseme kwamba yeye amependeza kuliko mimi.

4. Njiani kurudi, Nyirahabimana muuza avoka alitusimamisha: “Papa Mukengere, huyu mutoto mulimufichaga wapi?” Tangu hapo mbwa anaitwa Petit Mukengere. Kwenye kikao cha mtaa nilisimama kutetea mfereji wa maji ya mvua, hoja ninayoitetea peke yangu kwa miaka. Wajumbe wakamtazama Bijou, aliyekuwa ameketi miguuni pangu. Akainamisha kichwa, wakapiga makofi, mfereji ukapitishwa.

5. Sasa nifike kwenye kidonda chenyewe. Marguerite aliondoka akiwa amenuna. Alisema amechoka kuishi na mtu anayejibu “ndiyo, Maman” kabla hajamaliza kuongea. Nilimjibu “ndiyo, Maman.” Na kwenye simu ile hakusema anarudi nyumbani. Alisema Jumamosi anakuja kumchukua Bijou. Nyumba ni kimya, chakula ninakila nikiwa nimesimama, na sababu pekee ya mke wangu kuvuka mpaka ni mbwa ambaye nimemharibu. Ninaogopa. Sikutegemea kuliandika neno hilo kwa Umoja wa Vinyozi, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo ninaomba, kwa unyenyekevu, mambo haya. Kwanza, mabango yote mjini yaongezewe kichwa cha mbwa. Pili, mzee yeyote asiye na miwani afukuzwe mlangoni, hata akilia. Tatu, nipewe karatasi yenye muhuri inayosema kosa ni la bango, kwa kuwa bango halina mke. Nne, mnitumie fundi wa kumrudishia mbwa manyoya yake. Ninayo yote kwenye mfuko wa karatasi. Nilitaka kutumia wa plastiki, lakini umepigwa marufuku, na kwa hali niliyo nayo sitaki kuongeza kesi nyingine.

Haya yasipotimizwa kabla ya Jumamosi, nitamvisha mbwa sweta na kusema ana malaria.

Nisalimie wanachama wote, wake zao na mashine zao. Msalimie Maman Antoinette, mwambie mistari ile ingekuwa afadhali.

Wako katika baridi ya kisogo,
Mukengere Adrien

N.B. Barua hii ilikuwa bado mfukoni Jumamosi nilipompeleka Bijou mpakani, Rusizi ya Kwanza. Sweta alikuwa ameshalivua mwenyewe njiani. Marguerite akamtazama mbwa. Akanitazama mimi. Akanivua kofia mbele ya watu, akakaa juu ya mizigo yake, akacheka mpaka afande mmoja akamletea kiti. Kisha akasema: “Sasa nitaenda na huyu namna gani? Si nitakuwa ninakuona kila siku?” Akanipa begi nibebe, akashika njia ya kwetu. Safari hii nilimwacha amalize kuongea, na aliongea mpaka Gihundwe. Kwa hiyo yafute malalamiko yote. Ila mwambie Habineza kwamba manyoya ya Bijou yanaota haraka kuliko nilivyodhani, na tungependa, mbwa na mimi, kuja mapema iwezekanavyo.